Tulivyouza Vikapu Ujerumani kutoka Posta ya Mbeya

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Shule niliiacha darasa la tatu. Nikabeba magunia stendi ya Iringa, nikauza vitunguu kwa fungu, nikahamia kwenye mbao, mpaka nikanunua lori langu kwa fedha zangu bila kumpigia mtu magoti. Nimewaona Wachina wakipitisha reli tumboni mwa mlima kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Nimemwona simba amelala katikati ya barabara kule Mikumi, sisi madereva tukazima injini tukamngoja aamke. Kwa hiyo wenzangu wa hapa Ipogolo, Iringa, waliponiomba niandike safari ya Mbeya ilivyokuwa, sikukubali kwa sababu ilinishangaza. Nilikubali kwa sababu kila mtu hapa anaisimulia anavyotaka, na wengine wamefika mahali pa kusema nilikimbizwa na mashine.

Sababu ya safari ilikuwa vikapu. Shangazi yangu Sekiwele, dada yake marehemu baba, ndiye mkubwa wa kikundi cha wanawake kijijini kwake, ng'ambo ya Kihesa. Wanasuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya mabondeni, na vikapu vyao ukivitia maji havivuji upesi. Siyo sifa, nimejaribu mwenyewe. Walikuwa wanasuka kwa lengo moja tu: wanunue mashine ya kusaga. Kijijini kwao mtu alikuwa anabeba debe la mahindi kichwani kutoka alfajiri, anarudi na unga jioni, na siku ya pili mgongo hauinuki. Lakini mnunuzi wao alikuwa mmoja, dalali kutoka Dar es Salaam, na bei yake ilikuwa moja: shilingi sita kwa kikapu. Kwa sita hizo, hiyo mashine wangeinunua wajukuu zao.

Mwaka ule, kabla ya mvua, mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa anakwenda Zambia alipasukiwa na tairi karibu na duka langu. Nikamsaidia, akaviona vikapu vya shangazi vimening'inia, akanunua vyote. Miezi ikapita. Jumanne moja nikapata barua yake. Mwalimu mmoja wa Kihesa akanisomea Kiingereza chake: yule mama anafanya kazi na kampuni ya vyombo vya nyumbani mjini Hamburg, wanataka vikapu mia sita, na mwisho wa kupatana bei ni Ijumaa. Ikipita Ijumaa wananunua Asia. Barua ilikuwa imezurura njiani karibu mwezi mzima, na Ijumaa yenyewe ilikuwa ya wiki ile ile. Chini ya barua palikuwa na namba ya teleksi, mashine ya kuandikiana kwa waya.

Vikapu vilikuwepo. Ghala langu la Ipogolo lilijaa mpaka dirishani, na kibali cha biashara nilikuwa nacho. Ila Jumatatu inayofuata dalali alikuwa anakuja na lori lake kuvibeba. Mwalimu akaniambia barua ya kujibu haiwezi kuwahi hata ikipewa mabawa, na kwamba teleksi ya karibu anayoijua yeye ipo posta kubwa ya Mbeya. Nikamjibu kwamba Mbeya ni uani kwangu.

Jumatano alfajiri, Ipogolo. Nilikuwa nimepanga kusafiri peke yangu. Nikamkuta shangazi amekwisha kaa ndani ya lori, kikapu kimoja kikubwa mapajani, shuka mbili begani. Nikamsalimia kamwene, akaitikia kamwene, halafu nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kuviuza vikapu vyake.

"Shangazi, hii ni kazi ya wafanyabiashara."

"Ndiyo maana nimekuja na mfanyabiashara. Washa gari."

Sikubishana. Mtu aliyekuogesha ukiwa mtoto huwezi kumshusha kwenye lori.

Tukapanda milima. Baridi ya Mafinga iliingia kwenye mifupa, ukungu ukawa mzito hata nikawasha taa. Shangazi alikuwa hajawahi kupita Mafinga. Kila kijiji alikuwa ananiuliza wanasaga wapi. Nikamwambia mimi naangalia barabara, siangalii vinu. Akasema ningekuwa nabeba debe kichwani ningeviangalia.

Makambako tulifika jua limeanza kupata nguvu. Pale reli na barabara zinakutana, na siku ile treni ya mizigo ilikuwa imesimama, ndefu hata huoni mkia, imebeba shaba kutoka Zambia. Tukanywa chai kwa mama mmoja wa Kibena, chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Shangazi alitafuna huku anaitazama ile treni. Akaniuliza ile shaba inakwenda kwa nani. Nikamwambia inakwenda bandarini, halafu Ulaya, Japani, huko kote. Akauliza bei ya shaba anapanga nani. Nikasema nimesikia inapangwa London, kwa simu. Akamaliza chai yake, kisha akasema hata shaba basi ina dalali wake.

Kutoka Igawa barabara inashuka, joto linakupokea, na upande wa kulia unaiona Usangu imetandazwa mpaka inakutana na mbingu. Karibu na Chimala tulisimamishwa na ng'ombe. Walikuwa wengi, pembe ndefu, wanavuka polepole kama wenye barabara yao. Mwenyewe alikuwa Msukuma wa makamo aliyehama kutoka kwao kaskazini na familia nzima kufuata malisho. Akaja dirishani kutuomba radhi. Akakiona kikapu cha shangazi, akakipiga konzi chini kama mtu anayepima mtungi, akauliza bei.

Shangazi akasema ishirini. Msukuma akasema tano. Shangazi akakirudisha mapajani, akatazama mbele. Yule bwana akageuka, akaenda zake kwa ng'ombe wake, taratibu kabisa. Nikataka kuondoa gari, shangazi akanishika mkono. Ng'ombe wa mwisho alipovuka, bwana akarudi na kusema kumi. Shangazi akasema kumi na mbili na maziwa. Tukaondoka na shilingi kumi na mbili na kibuyu cha maziwa mgando, na kikapu kikabaki Usangu. Bahati nilikuwa nimefunga vingine vya mfano nyuma ya lori.

"Umeona?" shangazi akaniambia. "Asiyeondoka hajauza wala hajanunua."

Nikamwambia mimi hayo nayajua tangu enzi za vitunguu. Na ni kweli nayajua. Nimeondoka kwenye maduka mengi kuliko watu wengi walivyoingia.

Mbeya tulifika jioni, mlima Loleza umevaa wingu lake. Tulifikia Mwanjelwa kwa rafiki yangu Mwaipopo, Mnyakyusa niliyebeba naye magunia zamani na sasa ana kazi ya kudumu kwenye karakana ya reli. Mkewe alitupikia ndizi kwa maharage, na chai ikaja kwenye birika kubwa. Mwaipopo aliposikia tumekuja kuzungumza na Ujerumani akacheka sana. Akamwambia shangazi kwamba mimi tangu ujana nilikuwa napenda kusema kwa sauti kubwa, ila Ujerumani ni mbali hata kwa koo langu. Nikamwacha acheke. Anayelala kwako na kula kwako hana budi akuvumilie.

Alhamisi asubuhi tukawa wa kwanza posta. Anayeendesha teleksi alikuwa binti mmoja wa Rungwe, jina lake Tumpe, mpole, nywele amezisuka vizuri. Alituambia tungoje, kwa sababu Hamburg jua linachelewa, ofisi zao zinafunguliwa kwetu kumekucha zamani. Shangazi akauliza kama watu wa huko wanalala mpaka jua liwatoe kitandani. Tumpe akasema hapana bibi, ni dunia imekaa hivyo. Shangazi akaguna, hakuridhika.

Sasa niieleze hiyo mashine, maana hapo ndipo watu wanapozusha. Ni kama taipureta, ila kubwa kama meza ya fundi cherehani, na ina namba za kupiga kama simu. Tumpe alipiga, tukangoja, Dar es Salaam ikaitika, tukangoja tena, halafu mashine ikatetemeka na kuanza kujiandika yenyewe. Hakuna kidole kinachoigusa. Mimi sikushtuka. Nilisogea nyuma kidogo ili kumpisha binti afanye kazi yake.

"Ni Hamburg," akasema Tumpe. "Wanauliza wanazungumza na nani."

Nikamwambia aandike jina langu na kwamba nina lori. Akaandika. Ikajibu pale pale, kabla sijameza mate. Barua imetumia mwezi, na hawa wanajibu kama wamekaa chumba cha pili. Nilimwona shangazi anainama kutazama nyuma ya mashine.

Tumpe akatusomea kwa Kiswahili: wanavitaka vikapu mia sita, vifikishwe bandari ya Dar es Salaam, wanatoa marki tano, fedha za kwao, kwa kila kimoja. Shangazi akasema niwaambie kumi na mbili. Mimi nikasema kumi, kwa huruma. Tumpe akaandika kumi. Mashine ikakaa kidogo, ikajibu kwamba tano ndiyo bei yao, je, tunakubali?

Nikamtazama shangazi, naye akanitazama. Akafunga vizuri shuka yake, akachukua kikapu cha mfano kilichokuwa juu ya kaunta, akaelekea mlangoni. Nikamfuata. Tulitembea taratibu, jinsi inavyotakiwa, tukasimama barazani na kuipa posta mgongo.

"Usigeuke," akaniambia. "Ukigeuka umeuza kwa tano."

Tukazungumza habari za wingu la Loleza. Tukazungumza habari za mke wa Mwaipopo, kwamba amenenepa. Mtu anayejua soko anajua muda huu hauharakishwi. Mwenye kutaka mali huwa anakuacha ufike kona ndipo akuite. Baada ya muda mlango ukafunguliwa nyuma yetu, na shangazi akanikanyaga mguu kwa furaha.

Alikuwa Tumpe. "Baba, wameshakata."

"Wamekata nini?"

"Laini. Waliuliza kama mpo, wakauliza tena, wakangoja, halafu wakaaga. Sikuweza kuiacha mashine kuja kuwaita, na laini ilikuwa inahesabu dakika muda wote."

"Na wewe hukuwaambia tumetoka?" shangazi akauliza.

"Bibi, nilidhani mmekwenda kushauriana. Na ningewaandikia nini? Kwamba wenyewe wako barazani?"

"Ndiyo. Wangejua tunajadiliana."

"Wale hawatuoni, bibi. Wanasoma maandishi tu. Kama hakuna maandishi, wanajua mtu amekataa."

Shangazi akageuka, akarudi ndani na kikapu chake. Nikalipia zile dakika, pamoja na zile tulizosimama barazani tukimjadili mke wa Mwaipopo. Nilipoomba laini tena, Tumpe akasema Dar es Salaam imejaa mpaka kesho.

Mchana ule Mwaipopo alipotoka kazini alitukuta tumekaa kwake kama waliofiwa. Safari hii hakucheka. Akaniuliza hiyo marki ni shilingi ngapi. Nikamwambia haiwezi kuzidi shilingi na nusu. Akauliza nani kaniambia. Nikasema mimi kwacha za Zambia nimezishika, hizo fedha za kigeni nazijua tabia. Akainuka, akatupeleka mpaka karibu na Soko Matola, kwa Bwana Kanji mwenye duka la vitambaa, mtu anayeagiza mali nje na kujua bei ya fedha za watu.

Bwana Kanji alitoa mfukoni kitu kidogo kama pakiti ya sigara. Akakibonyeza, kikawaka tarakimu nyekundu. Ni mashine ya hesabu, nduguye alimletea kutoka ng'ambo. Mimi nikamwambia hesabu nazipiga kichwani, na tukashindana kidogo kwenye hesabu ya magunia ya mahindi, nikamshinda mara moja, mara ya pili tukafika pamoja. Ila hapa kichwa hakikuwa na msaada, kwa sababu marki ni shilingi ngapi kichwa changu hakikujua. Bwana Kanji alijua: shilingi tatu na ushei. Akabonyeza tatu na ushei mara tano.

Shilingi kumi na tano na senti kadhaa.

Shangazi akamwomba abonyeze tena. Akabonyeza. Akamwomba aanze upya kabisa, azime kwanza. Bwana Kanji, mtu mstaarabu, akazima, akawasha, ikaja ile ile.

"Toa sita," shangazi akasema.

Ikabaki tisa. Shangazi akaketi juu ya robota la vitambaa bila kukaribishwa.

"Tisa zilikuwa zinakwenda wapi?" akaniuliza mimi, kana kwamba nilikuwa nimezificha. "Kila kikapu, tisa. Na mimi nampikia kuku yule bwana kila akija. Kuku mzima."

 Nikawaza nauli ya lori mpaka bandarini, ushuru, faida ya mtu, nikaona bado haziwezi kumaliza tisa. Yule dalali hakuwa mjanja kutushinda. Alichokuwa nacho ni kwamba yeye alijua bei ya kule na sisi hatuijui. Basi. Ndiyo mtaji wake wote, na lori lake bovu.

Jioni tukagombana. Mimi nilitaka kesho tuwaambie sita, wakikataa tushuke mpaka tano na nusu, nisionekane mtu wa kurudi na mkia katikati ya miguu. Maisha yangu yote sijarudi kwenye duka nililoondoka kwa hiari yangu. Shangazi akasema mashine ya kusaga haisagi heshima yangu. Akasema aliyeondoka akakosa kuitwa, akitaka kurudi, harudi na mdomo mtupu, anarudi na nyongeza. Ndivyo wanavyofanya wauza maharage kwetu: bei yako nimeikubali, na chukua na kiganja hiki juu yake, tusinuniane.

"Nyongeza kiasi gani?" nikauliza.

"Kwa kila kumi, kimoja."

"Hivyo ni vikapu sitini, shangazi. Vya bure."

"Nani kasema vya bure? Wewe ndiye uliyesema kumi. Utavinunua kwetu, uwape wao."

Nikamkumbusha kwamba yeye alisema kumi na mbili. Akasema yeye hakuandikwa kwenye mashine.

Ijumaa tulishinda posta. Dar es Salaam ilikuwa haitoi nafasi. Watu wa reli walituma habari zao, watu wa bomba la mafuta wakatuma zao, na kila mara mashine ikitetemeka shangazi alikuwa anasimama, kisha anakaa. Hakula. Mke wa Mwaipopo alileta ndizi ndani ya kitambaa, shangazi akakifungua na kukifunga tena. Nilimwuliza binti Ijumaa ya Hamburg inaisha saa ngapi. Akasema wanachelewa kuanza kwa hiyo wanachelewa kumaliza, na hilo ndilo tumaini letu. Kwa mara ya kwanza shangazi akaisifu dunia kwa jinsi ilivyokaa.

Alasiri, wakati mfagizi amekwisha anza kufagia, laini ikapatikana. Mashine ikajiandika. Tumpe akasoma kwanza kwa macho, na nikaona uso wake unabadilika.

"Wanasema jana mlinyamaza, wakaona mmekataa. Wameshaanza kuzungumza na wauzaji wengine."

"Wameshaanza au wameshamaliza?" shangazi akauliza.

"Wameandika wameanza."

"Basi andika, mwanangu. Upesi."

Nikasema tunakubali tano. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu, na haikuniua. Halafu nikasema kwa kila kumi, kimoja nyongeza. Tumpe akainua mikono kutoka kwenye mashine. Hakujua nyongeza aiandikeje kwa Kiingereza, eti walichofundishwa chuoni ni punguzo.

"Siyo punguzo," shangazi akasema. "Punguzo ni mtu amelia. Nyongeza ni mwenye mali amependa. Waandikie kwamba jana tuliondoka kama watu wa soko wanavyoondoka, hatukukataa, na leo tumerudi na cha mkononi."

Tumpe akafikiri, akaandika mistari mirefu kuliko nilivyotarajia. Sikumzuia, ingawa nilijua kila mstari una bei yake. Alipomaliza, mashine ikanyamaza.

Ilinyamaza muda ambao mtu anaweza kuvuka soko zima. Mfagizi alisimamisha fagio lake. Shangazi alikuwa amekumbatia kikapu kifuani na macho yake hayakutoka kwenye ile karatasi. Miguu yangu ilitaka kwenda barazani kwa mazoea, nikaishikilia palepale.

Halafu ikaanza. Tumpe alisoma neno kwa neno kadiri lilivyotoka: wamekubali, marki tano, vikapu mia sita na nyongeza yake, fedha zitapitia benki, maandishi kamili yanafuata. Na kwamba nyongeza hawajawahi kupewa na mtu yeyote kwenye mashine, wamefurahi, na vikapu vikiuzika vizuri watataka vingine mwakani.

Shangazi hakupiga kigelegele. Alikiweka kikapu chini polepole, akajifuta uso kwa ncha ya shuka, akamwambia Tumpe awaulize habari za nyumbani.

Binti akanitazama mimi mlipaji. Nikamwambia aulize.

Jibu likaja: nyumbani wazima, ila kuna baridi.

"Waambie hata huku," shangazi akasema, na laini ikafungwa kwa amani.

Jumamosi tulirudi. Chimala tulimtafuta yule Msukuma kwa macho hatukumwona. Makambako treni nyingine ilikuwa imesimama, shangazi akaitazama kwa namna nyingine, kama mtu anayemtazama mfanyabiashara mwenzake. Njia nzima aliniambia mashine ya kusaga itawekwa wapi, mlango utazame wapi ili upepo usipeperushe unga, na nani asipewe ufunguo. Nilimwambia fedha bado hazijaja. Akasema anajua, anasafisha kiwanja tu.

Jumatatu, Ipogolo. Dalali alifika na lori lake na meno yake yote nje. Akauliza kwa nini kuku hanukii. Shangazi akamwambia aketi. Nikamweleza kwamba mzigo umepata mwenyewe. Akacheka, akasema mwenyewe nani katika mkoa huu. Nikamwambia Hamburg.

"Nani kawapa bei?"

"Mashine."

Akasema tisa. Tukaanza kufunga vikapu, akasema kumi na moja. Alipofika kumi na tatu akasimama, akaaga, akatembea taratibu mpaka kwenye lori lake, na akasimama pale ametupa mgongo, anajifanya anatazama tairi. Sisi tuliendelea kufunga vikapu. Mwisho akarudi mwenyewe na kuuliza, kwa adabu, kama wanawake wa vijiji vingine wanasuka pia, kwa maana yeye angewalipa hiyo kumi na tatu. Shangazi akamwelekeza kwa nduguze watatu. Tangu siku ile sita haijasikika tena upande wetu.

Watu huniuliza nilijifunza nini, kana kwamba mtu kama mimi bado anajifunza. Nitawaambia. Kwa mtu wa mbali huwezi kubishana kwa mgongo. Sema bei unayoitaka kweli, na kama una moyo wa kuongeza, andika. Na kabla ya kukataa tano ya mtu, uliza kwanza tano yake ni nini. Haya mambo ya mashine za kuzungumza na ng'ambo yatafika mpaka Kihesa, mpaka vijijini, siku moja mwanamke atakaa mlangoni kwake na kumwuliza mtu wa Hamburg bei bila kupanda lori langu. Nitakuwa nimekosa nauli, lakini sitanuna. Mashine ya kusaga ipo, inanguruma kutoka asubuhi, na mlango wake umeupa upepo mgongo.

Upande wangu, nikijumlisha mafuta ya lori, teleksi ya siku zote mbili pamoja na dakika za barazani na za kusalimiana, na vikapu sitini vya nyongeza nilivyonunua kwa kina shangazi kwa bei ya Hamburg, maana walikataa kuniuzia kwa sita, ilinigharimu shilingi elfu moja mia tano ishirini na sita na senti arobaini.